Amana Haitunzwi kwa Nia Njema Peke Yake



Mfano wa talanta tumeusikia mara nyingi kanisani. Sote tunamkumbuka yule mtumishi mvivu aliyeifukia talanta yake ardhini. Lakini kuna jambo moja katika mfano huo ambalo tunalipita haraka: bwana aliporudi kutoka safari, alifanya hesabu na watumishi wote. Hata wale wawili waliofaulu hawakusamehewa hesabu. Walisimama mbele yake, wakaonyesha walichopokea na walichozalisha. Kutoa hesabu hakukuwa adhabu ya mkosaji. Kulikuwa sehemu ya kazi ya kila mtumishi.

Jambo hilo la kutoa hesabu ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi safari hii, na tutalitazama kwa kutumia mfano wa mbali: chama cha hisani cha Uingereza kinachotunza mifereji ya zamani. Tumekichagua kwa sababu hesabu zake hutangazwa wazi kila mwaka, na kwa sababu taabu zake zinafanana na taabu za kila kikundi kilichokabidhiwa mali ya watu wengi.

Kwanza historia yake kwa kifupi. Kati ya miaka ya 1760 na 1830, kabla ya reli kuenea, Waingereza walichimba mifereji mirefu ili mashua zilizovutwa na farasi zibebe makaa ya mawe, udongo wa kufinyangia na bidhaa za viwandani. Maelfu ya vibarua walichimba kwa sepeto na toroli. Penye mwinuko walijenga vyumba vya mawe vyenye milango mizito: mashua huingia, maji huongezwa au hupunguzwa, nayo hupanda au hushuka kama mtu kwenye ngazi. Huko Wales, kwenye daraja la Pontcysyllte lililofunguliwa mwaka 1805, mfereji wenyewe unapita angani, mita 38 juu ya mto Dee.

Reli ilipokuja, na baadaye malori, mifereji ilikosa kazi. Mwaka 1948 sehemu kubwa ilitaifishwa, na mingine ilijaa matope na takataka. Iliokolewa kwa sehemu kubwa na raia wa kawaida. Mwaka 1946 baadhi yao walianzisha chama cha kuitetea, na kwa miaka mingi iliyofuata watu wa kujitolea waliingia matopeni siku zao za mapumziko, wakazibua mifereji ambayo wakubwa walisema imekufa. Tukumbuke hilo: mali ya wote iliokolewa na watu waliotoa jasho bila mshahara.

Mwezi wa Julai 2012 serikali iliivua mamlaka yake ya umma kazi ya kutunza mifereji ya Uingereza na Wales, ikaikabidhi kwa chama kipya cha hisani kiitwacho Canal & River Trust. Chama hicho kilipokea njia za maji zipatazo kilomita 3,200, pamoja na madaraja, mabwawa na milango ya maji isiyohesabika kwa urahisi. Hakikuipokea mifereji kama mali ya kuuza. Kilipewa kuwa amana, kwa ajili ya taifa na vizazi vijavyo.

Uongozi wake ulipangwa hivi. Wapo wadhamini, ambao ndio wenye dhamana ya mwisho mbele ya sheria, nao hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Wadhamini hao huteuliwa na baraza kubwa zaidi, ambamo baadhi ya wajumbe huchaguliwa kwa kura, wakiwemo wenye mashua. Chini ya wadhamini wapo watumishi wa kulipwa wanaoendesha kazi ya kila siku. Basi aliyeajiriwa hajisimamii mwenyewe, na anayesimamia hapati faida mfukoni. Mpangilio huu ni wa busara, na vikundi vyetu vingeweza kujifunza kwao.

Fedha nazo zilitafutwa katika njia mbalimbali. Chama kilipewa nyumba na viwanja vya kupangisha, ili kodi zake ziwe hazina ya kudumu. Kinatoza leseni za mashua, kinapokea michango, kinalipwa na makampuni yanayopitisha nyaya za mawasiliano kandokando ya mifereji. Na serikali iliahidi ruzuku ya takriban pauni milioni 800 kwa miaka 15, hadi mwaka 2027. Katika miaka ya karibuni ruzuku hiyo imekuwa kama robo ya mapato yote.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba katika miaka kumi itakayofuata 2027 itatoa pauni milioni 401. Mwaka wa kwanza zitatolewa milioni 50, kisha kiasi hicho kitapungua kwa asilimia 5 kila mwaka. Tukipiga hesabu, mwaka wa kumi zitabaki milioni 31 na nusu hivi, na wakati huo bei ya saruji, chuma na kazi itakuwa imepanda. Serikali inasema kwamba tangu mwanzo nia ilikuwa chama kijitegemee polepole. Chama kinajibu kwamba mifereji haizeeki polepole kwa kuhurumia bajeti.

Sisi tunaona kwamba kila upande una sehemu ya haki. Kutegemea mkono mmoja ni hatari, na chama cha hisani kinachongoja ruzuku daima hakijakua. Fedha ya kodi ina wenye haja wengi, wakiwemo wagonjwa na wanafunzi. Lakini anayemkabidhi mwenzake mzigo wa miaka 200, kisha akampunguzia chakula njiani, asijisifu kwamba amempa uhuru. Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yanatuambia kwamba jambo linaloweza kufanywa na kikundi kidogo lisinyang'anywe na mamlaka kubwa. Papa Pius XI alilifafanua hilo mwaka 1931. Fundisho hilohilo linaidai mamlaka kubwa impe msaada yule mdogo pale asipoweza. Kukabidhi kazi bila kukabidhi uwezo ni kukwepa wajibu kwa jina zuri.

Je, upungufu huo unaziba wapi? Tutazame mambo mawili.

La kwanza linahusu watu wanaoishi ndani ya mashua. Wengine wana mahali pa kudumu pa kufunga mashua yao. Wengine hawana, na sheria ya mwaka 1995 inawataka wasonge mbele, wasikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 isipokuwa kwa sababu ya haki. Tangu Aprili 2024 hao wasio na mahali pa kudumu wanatozwa nyongeza juu ya leseni. Chama kinasema kwamba wao huitumia mifereji zaidi kuliko wengine. Wao wanasema kwamba wengi wao walihamia majini kwa sababu kodi ya nyumba iliwashinda. Hatuwezi kuihukumu kesi hiyo tukiwa mbali. Lakini kanuni tunaijua: chombo kinapopungukiwa, mkono wa kwanza usiingie katika mfuko wa asiye na makao. Na kama ni lazima aongeze, basi awe na kiti mezani pale inapoamuliwa. Wenye mashua wana wajumbe wao katika baraza, lakini viti vyao ni vichache kati ya vyote. Kuwepo mezani ni jambo moja, kusikilizwa ni jambo jingine.

La pili ni zito zaidi. Juu ya mji mdogo wa Whaley Bridge, katika jimbo la Derbyshire, kuna bwawa la Toddbrook, lililojengwa katika karne ya 19 ili kuupatia maji mfereji. Tarehe 1 Agosti 2019, baada ya mvua kubwa, sehemu ya zege inayopitisha maji ya ziada ilibomoka, na ukuta wa udongo wa bwawa ukaanza kuliwa na maji. Watu wapatao 1,500 waliambiwa waache nyumba zao mara moja. Helikopta ya jeshi ilidondosha magunia ya kokoto kuziba shimo, huku pampu zikivuta maji mchana na usiku. Kwa neema ya Mungu na juhudi za watu, ukuta haukuanguka, na hakuna aliyekufa.

Uchunguzi uliofanywa na mtaalamu kwa agizo la serikali ulieleza kwamba chanzo kilichoelekea zaidi kuwa cha kweli kilikuwa ubaya wa ramani ya ile sehemu ya zege, iliyoongezwa miaka hamsini hivi nyuma, na kwamba utunzaji wa kusuasua wa miaka mingi uliongeza udhaifu. Bwawa lilikuwa limekaguliwa miezi michache tu kabla. Fomu zilikuwapo na wakaguzi walikuwapo. Hata hivyo maji yalipata ufa kabla ya binadamu.

Vijana wapendwa, hilo litufundishe. Mali ya wote haifi siku moja. Hufa kwa ufa uliotazamwa na kuachwa, kwa majani yaliyoota katikati ya zege bila kung'olewa, kwa kazi ndogo iliyoahirishwa kwa sababu haina sherehe. Kujenga kitu kipya kunaleta wageni, picha na makofi. Kuziba ufa hakumpi mtu sifa. Basi bajeti inapobana, kinachokatwa kwanza ni kile kisichoonekana, na anayelipa mwisho ni yule anayelala chini ya ukuta wa bwawa.

Ndiyo maana tunasema kwamba nia njema haitoshi. Waliokuwa wakiitunza mifereji hiyo wanaipenda kweli, na hatuwashtaki wizi. Lakini upendo wa mali ya wote unahitaji macho mengi, maandishi yaliyo wazi, na watu wanaoruhusiwa kuuliza maswali bila kuitwa maadui.

Baadhi yetu hufikiri kwamba kudai hesabu katika mambo ya Kanisa ni kukosa imani. Maandiko hayasemi hivyo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane walisahauliwa katika ugawaji wa chakula, manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwafokea walionung'unika. Waliiambia jumuiya ichague watu saba wenye sifa njema, wakabidhiwe kazi hiyo. Mtakatifu Paulo naye, alipokusanya msaada kwa ajili ya waamini wa Yerusalemu, hakutaka fedha ibebwe na mtu wake peke yake. Katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba pamoja na Tito alikwenda ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu. Ikiwa Paulo alijiwekea mashahidi, sisi ni nani tujiamini zaidi yake?

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inafuata njia hiyohiyo. Kanuni ya 537 inaitaka kila parokia iwe na halmashauri ya mali, ambamo waamini humsaidia paroko. Kanuni ya 1284 inawaagiza wasimamizi wasiiache mali ipotee wala iharibike, waandike vizuri mapato na matumizi, na watayarishe ripoti mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1287 inataka waamini waelezwe juu ya mali waliyoitolea Kanisa. Kwa hiyo kijana anayeuliza kwa heshima habari za mchango wa kikundi haleti uasi. Anaulizia jambo ambalo Mama Kanisa mwenyewe ameliagiza.

Tuanze na yaliyo yetu. Kikundi cha vijana kina ngoma, sare za kwaya, viti, pengine kinanda na sanduku dogo la akiba. Hiyo ndiyo mifereji yetu: tumeirithi kutoka kwa kaka na dada zetu waliochanga kabla yetu, na wadogo zetu wanaingoja. Funguo za sanduku zisikae kwa mtu mmoja. Daftari lisomwe mbele ya wote, hata mwezi ambao kilichoingia ni kidogo. Kabla ya kununua sare mpya, tutenge kitu cha kutengeneza ngoma iliyopasuka. Na tunapopanga mchango sawa kwa kila mtu, tumkumbuke yule ambaye kwake kiasi hicho ni chakula cha siku mbili, tumsikilize kabla ya kuamua. Atakayejifunza uaminifu kwenye sanduku la kwaya, siku moja atakabidhiwa shule, zahanati au wilaya, naye hataona ajabu kuulizwa.

Kwa mazungumzo katika vikundi vyenu, tunawaachia maswali haya. Ni mali gani ya wote iliyo mikononi mwetu, na ni nani aliyetuachia? Ni ufa gani tunaouona kila wiki na kuupita? Mara ya mwisho tulisoma hesabu mbele ya wanachama wote ilikuwa lini, na kama hatukusoma, tunamwogopa nani?

Bwana atarudi kutoka safari, naye atafanya hesabu. Atukute na daftari mkononi, na ukuta ukiwa umezibwa.