MCHORAJI KATAJWA, MFUMAJI JE?

Ndugu wanaushirika,

Wapo wenzetu wanaosema mkeka usio na picha ya kitu hauna maana, eti wateja wanataka twiga na mlima. Mimi sikubaliani nao. Tazameni habari ya Fernand Léger wa Ufaransa. Huyu alizaliwa mwaka 1881 huko Normandy, mtoto wa mfugaji wa ng'ombe, akawa mchoraji mkubwa. (Mwaka 1945 akajiunga na Chama cha Kikomunisti cha kwao, ila hilo ni la baadaye.) Katika miaka ya 1920 alibuni michoro ya mazulia isiyo na mtu, mti wala nyumba: duara, mistari na mapande ya rangi tu, yamepangwa yakapangika. Mama zetu wamesuka hivyo hivyo tangu zamani, na hakuna aliyelala juu ya mkeka akauliza hii ni picha ya nini.

Basi hapo hatuna ugomvi na Ndugu Léger. Neno langu liko kwingine.

Léger hakufuma, alichora. Michoro yake ilichukuliwa na Bibi Marie Cuttoli, aliyekuwa na duka la Myrbor mjini Paris na karakana huko Sétif, Algeria, nchi iliyotawaliwa na Wafaransa mpaka 1962. Kina mama wa huko ndio waliotanda nyuzi, wakafunga sufu fundo moja moja, wakapigilia mshindio, wakarudia tena. Mwenye kuchora duara anazungusha mkono mara moja, kwisha. Mwenye kulifuma analijenga kwa mafundo, mstari kwa mstari, na akikosea hesabu duara linakuwa yai. Sasa ulizeni zulia lile ni la nani. Mtaambiwa la Léger. Wakiongeza, watasema la Myrbor. Kina mama wa Sétif hawatajwi.

Nayasema haya kwa sababu kikundi chetu cha ukindu kimeletewa michoro na mnunuzi wa mjini, naye anataka kila mkeka ushonwe lebo ya duka lake peke yake. Michoro ni mizuri, tuipokee. Lakini naona pembeni lishonwe na jina la aliyesuka, na katika daftari la mauzo liandikwe pia. Kuna mjumbe anasema hayo yataongeza kazi. Jina la mtu ni herufi sita saba, jamani. Mkeka wenyewe unachukua siku ngapi?

Mnunuzi anarudi mwisho wa mwezi. Kina mama waamue kabla hajafika.

Katibu wa Tawi