MAFUTA YA NDEGE SI DAWA YA MOTOKARI YA ZAMANI



Leo sisemi juu ya kofia ya kazi wala viatu vya chuma. Nasema juu ya ile bidoni ya lita 20 iliyofichwa nyuma ya mlango wa jikoni, yenye mafuta ya rangi ya buluu. Anayeiuza huiita "mafuta ya ndege". Anakuambia: "Mzee, motokari yako ni ya zamani, moteri yake inabana sana, esansi ya kadhafi haiiwezi. Tia hii, utaona nguvu." Wengi hapa Bunia wanaamini maneno hayo. Mimi siyakubali. Soma hadi mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Kwanza tujue tunasema juu ya kitu gani. Jina "mafuta ya ndege" lina vitu viwili ndani yake. Ndege kama Cessna Caravan au Let 410 hutumia Jet A-1. Hayo ni ndugu wa petroli ya taa. Ukiyatia katika moteri ya esansi, yataigonga na kuiharibu. Ndege ndogo zenye pistoni, kama Cessna 206, hutumia esansi ya ndege, ile ya buluu inayoitwa Avgas 100LL. Hii ikitiwa katika taa au jiko la petroli, inaweza kulipuka na kuunguza nyumba. Basi mtu akikuuzia "mafuta ya ndege" bila kukuambia ni yapi, anakuuzia fumbo.

Sasa tusikilize hoja ya fundi, maana si uongo mtupu. Moteri hubana hewa na mvuke wa esansi kabla ya buji kutoa cheche. Ikibana mno, esansi dhaifu hulipuka kabla ya wakati wake, na moteri hugonga. Oktani ni kipimo cha uvumilivu wa esansi inapobanwa. Ziko motokari za zamani zinazodai oktani ya juu kweli. Corvette L88 ya Marekani ya mwaka 1967 ilibana kwa uwiano wa 12.5 kwa 1. Hiyo ilikuwa ya mashindano, na mwenye motokari kama hiyo ana sababu ya kuuliza.

Lakini wewe, ndugu yangu, una Corvette? Motokari za zamani tunazozijua huku ni Land Rover na Land Cruiser. Land Rover Series III ya esansi ya lita 2.25 inabana 8 kwa 1. Moteri ya 2F ya Land Cruiser inabana chini kidogo ya hapo. Moteri hizo zilitengenezwa kwa ajili ya esansi ya kawaida. Oktani si nguvu. Kama moteri haigongi, oktani ya kuzidi haiiongezei kitu, sawa na kumpa mtu dawa ya homa ambayo hana.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa kadiri ya sehemu 14 katika 100. Hewa nyepesi ikiingia katika silinda, mbano hupungua, na kugonga kwa moteri hupungua pia. Kwa hiyo motokari iliyo Bunia inahitaji oktani ndogo kuliko ile iliyo pwani. Sisi ndio tungekuwa wa mwisho kutafuta esansi ya ndege!

Nirudi sasa kwenye kazi yangu, ambayo ni afya. Ile esansi ya buluu ina risasi ndani yake, si risasi ya bunduki bali madini yenyewe. Kila lita inaweza kuwa na hadi gramu 0.56. Fanya hesabu pamoja nami. Bidoni ya lita 20 ina gramu 11, maana yake miligramu 11,000. Shirika la Afya Duniani linasema mtu akikutwa na mikrogramu 5 za risasi katika desilita moja ya damu, lazima chanzo kitafutwe na kuondolewa. Katika damu yote ya mtu mzima, karibu lita 5, hiyo ni robo ya miligramu moja tu. Pima mwenyewe: robo moja upande huu, elfu kumi na moja upande ule, nyuma ya mlango wa jikoni.

Risasi hiyo huingia kwa njia tatu: kwa kuvuta mvuke na moshi, kwa kinywa, na kwa ngozi pia, kwa sababu risasi ya esansi hupenya ngozi. Ikiisha kuingia, haina haraka ya kutoka. Hukaa ndani ya mifupa miaka 20 na zaidi. Mama akipata mimba, hutoka katika mifupa yake na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto hupungukiwa akili na usikivu darasani. Mtu mzima huumwa tumbo, hufunga choo, huumwa kichwa, hupungukiwa damu, hukasirika bila sababu. Mgonjwa wa namna hiyo akija kwangu, jambo la kwanza tunalofikiri wote wawili ni malaria au minyoo. Kituo kidogo kama chetu hakina mashine ya kupima risasi. Ndiyo sababu nataka tuzuie, maana kutibu ni vigumu.

Je, ni woga wa bure? Hapana. Mwezi wa Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway huko New Jersey, Marekani, watu 5 waliokuwa wakitengeneza dawa hii ya risasi walikufa baada ya kuchanganyikiwa akili. Wafu wa kwanza walikuwa wafanyakazi kama sisi. Wao walishika dawa kali yenyewe, si esansi iliyochanganywa, lakini sumu ni ileile. Kusini mwa Sahara esansi ya motokari yenye risasi iliachwa ilipofika mwanzo wa 2006. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021. Ndege ndogo tu ndizo zilizobaki, na Marekani imejiwekea lengo la kuacha risasi hiyo kabla ya mwisho wa 2030. Dunia nzima inaitoa mlangoni, nasi tunaiingiza kwa dirisha?

Na sisi watu wa dhahabu tukumbuke Zamfara, Nijeria, mwaka 2010. Pale watu walisaga mawe ya dhahabu nyumbani, na mawe yale yalikuwa na risasi. Watoto si chini ya 400 walikufa. Baba alitafuta chakula cha nyumba, na vumbi likaua walio nyumbani.

Sasa nitaungama, ili usidhani nakuhubiria kutoka juu ya mlima. Mimi mwenyewe nilinunua pipa tupu la lita 200, kwa bei nzuri, nikaliweka nyumbani tukinge maji ya mvua. Nililiosha kwa sabuni mara tatu, nikalianika juani. Mke wangu alisema maji yana harufu. Nilimwambia itaisha. Tulikunywa maji yale wiki mbili, hadi mzee mmoja fundi alipotutembelea, akaangalia alama ya buluu katika mshono wa pipa, akaniuliza: "Munganga, unawapa watoto esansi?" Niliona haya sana. Mimi ndiye ninayepita nyumba kwa nyumba nikifundisha usafi wa maji! Hakuna aliyeanguka mgonjwa siku ile, na hapo ndipo ulipo ubaya wa risasi: haipigi kelele. Pipa nililitoboa ili mtu mwingine asilitumie.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na nayasema wazi hata kama mwenye kuuza atanikasirikia. Esansi ya ndege ibaki kwenye ndege. Isiingie katika makao yetu, wala katika garaji, wala katika motokari inayopeleka watoto shuleni. Na pipa lake tupu lisiuzwe kwa mtu wa maji au wa pombe. Litobolewe na kupondwa. Tena lisikatwe kwa moto, maana pipa tupu lenye mvuke hulipuka kuliko lililojaa.

Utasema: "Lakini moteri yangu inagonga." Vema, itibu ugonjwa wake. Mwambie fundi arudishe nyuma kidogo wakati wa cheche. Aondoe masizi katika silinda. Aangalie radiata na aina ya buji. Kama esansi ya kwenye chupa imechanganywa na petroli, badilisha muuzaji. Kama supapu zinakula viti vyake kwa kukosa risasi, viko viti vya chuma kigumu, vinatiwa mara moja tu. Na kama motokari yako ni ya miaka hii, jua kwamba risasi huua kichujio cha moshi na kifaa cha kupima hewa katika bomba. Utalipa mara mbili.

Mwisho, shika haya manne:

1. Usinyonye esansi yoyote kwa kinywa na mpira. Tumia pampu ya mkono.

2. Aliyemeza esansi asitapishwe. Asipewe maziwa wala mawese. Esansi ikirudi inaingia mapafuni. Mlete kituoni upesi.

3. Usioshe mikono wala vyuma kwa esansi ya buluu. Ikikumwagikia, kaa mbali na moto, vua nguo, nawa kwa maji mengi na sabuni.

4. Nguo za garaji na za mgodi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Mama, wewe una neno kubwa katika jambo hili kuliko mimi. Leo jioni angalia nyuma ya mlango. Nusa pipa la maji. Ukiona buluu, usingoje baba amalize hesabu ya faida yake. Moteri ikifa, tutanunua nyingine kwa taabu. Akili ya mtoto haiuzwi sokoni.