Injini Ndogo na Hewa ya Kiserian

Wiki hii tumepokea barua ya mama mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye ndoa ilimhamishia Kiserian, chini ya vilima vya Ngong. Mwanawe mwenye umri wa miaka 15 aliletewa na mjomba wake kutoka Muscat ndege ndogo ya kurushwa kwa rimoti. Si ya betri, bali ina injini ya kweli inayonguruma na kutoa moshi. Likizo iliyopita mjomba aliiwasha Mombasa, nayo ikaitikia vyema. Iliporudishwa Kiserian ikawa haitaki: inakohoa, inatema mafuta hadi mkia wa ndege unalowa, kisha inazima. Fundi wa bodaboda wa jirani ametoa shauri la kuijaribu kwa petroli. Mama anatuuliza kuna nini, kuna hatari gani kuwa na kitu hiki nyumbani, na je, amnyang'anye kijana injini yake yasije yakawa makubwa?

La fundi tulijibu siku ile ile kwa simu, kwa kuwa halikuweza kungoja gazeti: asitie petroli. Tunamheshimu fundi huyo, na injini za bodaboda bila shaka anazijua, lakini hii ni ya ukoo mwingine. Plagi yake haitoi cheche. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba wenye madini ya platini, ambao hupashwa moto kwa betri ndogo ya volti 1.5 wakati wa kuwasha tu, kisha betri huondolewa. Toka hapo waya hubaki mwekundu wenyewe, kwa joto la mwako na kwa sababu platini na methanoli zikikutana huzalisha joto. Hii ndiyo hila aliyoisambaza Mmarekani Ray Arden mnamo mwaka 1947, na ndiyo iliyoziwezesha injini hizi kuwa nyepesi kiasi cha kukaa kiganjani. Petroli haina tabia hiyo mbele ya platini. Ukiitia, injini haitawaka ipasavyo, na mipira ya ndani iliyotengenezwa kwa ajili ya methanoli huenda ikaharibika.

Mafuta yake basi ni methanoli kwa sehemu kubwa, pamoja na nitromethani kidogo ya kuongeza nguvu, na mafuta ya kulainisha ambayo mara nyingi hufika karibu sehemu moja kwa tano ya mchanganyiko wote. Injini ya mipigo miwili kama hii haina hodhi la oili chini yake kama gari. Kila tone la kulainisha pistoni huja ndani ya mafuta yale yale yanayochomwa. Tunaomba wasomaji walishike neno hili, maana sehemu kubwa ya matunzo ya injini hizi imesimama juu yake. Na mama zetu wa pwani watafurahi kusikia kwamba oili hiyo, tangu zamani, ni mafuta ya nyonyo, yale yale ya mbarika tunayowapaka watoto nywele. Injini nyingi za ndege za wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, za Gnome zikiwemo, zililainishwa kwa nyonyo. Siku hizi huchanganywa na oili za viwandani, lakini harufu yake ingali inatambulika.

Sasa tuingie katika ugonjwa wenyewe. Mombasa iko usawa wa bahari. Kiserian iko juu, kiasi cha mita 1,800 au zaidi, na huko hewa ni nyepesi: katika kila pumzi ambayo injini inavuta, imepungua takriban sehemu moja kwa sita ya hewa ambayo ingeipata Kilindini. Injini haina akili ya kulitambua hilo. Kwenye kabureta yake mna sindano, yaani skrubu ndefu yenye ncha, inayoziba au kufungua tundu la mafuta. Mjomba aliipima sindano hiyo kwa hewa ya Mombasa. Ilipopandishwa Kiserian tundu lilibaki vile vile, mafuta yakaja karibu kiasi kile kile, ila hewa ya kuyachoma ikawa haba. Mchanganyiko ukawa mzito. Ndipo ikakohoa na kuulowesha mkia. Injini haina kasoro yoyote. Imelishwa chakula cha pwani ikiwa bara.

Jambo hili si geni katika maji yetu. Mwaka 1915 Waingereza walileta ndege za majini za Sopwith katika kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia, kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Hewa ya joto nayo ni nyepesi, kama ya milimani, na katika joto lile ndege hizo zilishindwa kufanya kazi iliyotarajiwa. Ikabidi waletewe nyingine. Injini kubwa za watu wazima zilitaabika kwa hewa. Ya kijana wa Kiserian isilaumiwe.

Tiba yake ni kuifunga sindano kidogo, lakini kwa utaratibu. Sindano huzungushwa kulia ili kupunguza mafuta, na nyingi zina mikato midogo inayolia taratibu chini ya kidole. Kijana awashe injini ikiwa bado na mafuta mengi, aiache ipate moto, kisha afungue hewa yote na kuanza kupunguza mafuta mkato mmoja baada ya mwingine, akingoja sekunde kadhaa kila mara. Sauti itapanda, itakuwa kali na safi. Atafika mahali ambapo haipandi tena. Hapo asisimame, arudi nyuma: afungue sindano mikato miwili mitatu hadi sauti ishuke kidogo na uzi mwembamba wa moshi uonekane kwenye bomba. Kisha mwenzake ainyanyue ndege pua ikitazama juu. Ikiendelea bila kulegea, imekubali.

Kwa nini arudi nyuma? Kwa sababu ya neno lile la oili. Vijana hupenda sauti kali kabisa, na injini inayokaukiwa mafuta hutoa sauti tamu mno kwa dakika chache. Lakini palipo na mafuta haba pana oili haba pia. Injini hupata joto, pistoni hukwaruzana na silinda, na lile banano la chuma kwa chuma linaloshika mgandamizo hulegea lisirudi. Injini nzito hukera na kuchafua, lakini haifi. Injini kavu ndiyo inayokufa. Tungependa kila mzazi aliyenunua kitu hiki ajue tofauti ya sauti hizo mbili hata kama hajui kitu kingine.

Mama ataona vilevile kuwa ndege haipai kwa wepesi wa Mombasa hata baada ya sindano kupimwa. Hilo ni sawa. Hewa pungufu ni nguvu pungufu, na hakuna skrubu inayoirudisha. Kijana ampe mjomba taarifa, na aiachie ndege mbio ndefu zaidi kabla ya kuinyanyua.

Kuhusu hatari, hatutapunguza maneno. Injini aliyotutajia mama ina ujazo wa mililita 7.5, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai, na udogo huo huwahadaa watu. Rafadha yake inaweza kuzunguka mara 12,000 kwa dakika, nayo ni mara 200 kila sekunde. Kidole hakionekani kikienda. Iwashwe kwa kijiti au kwa mota ya kuwashia, si kwa kidole kitupu. Ndege ifungwe au ishikwe na mtu imara, na pindi injini inapowaka kila mtu awe nyuma ya rafadha, asibaki mtu mbele wala ubavuni mwake. Sindano irekebishwe kutoka nyuma. Kanzu, buibui, mtandio na kamba za kofia ya sweta (Kiserian kuna baridi, tunajua) vikae mbali.

Lililo zito zaidi ni methanoli. Ni jamaa wa spiriti, haina rangi, na kwenye chupa inafanana na maji, ingawa wauzaji wengi huitia rangi. Swali la jina lake la alkoholi tunawaachia masheikh wetu. Letu sisi ni kwamba ni sumu. Mililita 10 zikimezwa zaweza kumpofusha mtu moja kwa moja, na mililita 30 zaweza kumuua. Wakenya wanaijua bila kuijua kwa jina: katika mtaa wa Mukuru, Nairobi, mwezi Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Basi mafuta ya ndege yasihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa saa moja. Yakae katika chombo chake, kimeandikwa, kimefungwa barabara, katika kabati la nje lenye kufuli. Mtoto akiyameza, asingojwe aonyeshe dalili. Dalili za methanoli zaweza kukawia nusu siku au zaidi, na mtoto akaonekana mzima huku sumu inafanya kazi. Apelekwe hospitali papo hapo, na chombo kipelekwe pamoja naye. Mafuta hupita pia kwenye ngozi, kwa hiyo glavu zivaliwe na mikono ioshwe kabla ya chakula.

Na moto wake, ndugu zetu, hauonekani mchana. Methanoli ikiwaka juani haina moshi wala ulimi mwekundu. Mtu huuhisi kabla ya kuuona. Kutia mafuta kufanyike nje, mbali na jiko, injini ikiwa imezimwa na kupoa, na ndoo ya maji iwe karibu.

Swali la mwisho la mama lilikuwa la kumnyang'anya. Sisi tunaona hapana, maadamu kuna mtu mzima anayesimama naye. Kijana anayejifunza kusikiliza mchanganyiko kwa sikio ameshaanza kuielewa pampu ya maji ya shambani na jenereta ya nyumba, na huko Kajiado pampu haikosi mwenye kuihitaji. Hata uwanja wa Orly, zinakorukia ndege ndogo za watu, umo katika kaunti hiyo hiyo. Ila kwa sababu hiyo hiyo asirushe popote apendapo. Anga ya upande ule hupitwa na ndege ndogo zinazotoka Wilson, na Kenya ina kanuni za mwaka 2020 juu ya vyombo visivyo na rubani. Baba aende kwenye Mamlaka ya Usafiri wa Anga aulize wapi na kwa masharti gani kabla ndege haijaondoka ardhini. Na mifugo ya majirani ni mali: injini isiwashwe karibu na zizi.

Utunzaji baada ya kurusha ni wa dakika tano, lakini ndizo zinazosahaulika. Methanoli huvuta unyevu kutoka hewani, na masalio ya mwako yana asidi. Vikiachwa ndani, beringi hushika kutu usiku kucha. Kwa hiyo kijana abane kijibomba cha mafuta injini ikiwa inakwenda, ili imalize yaliyomo na kuzima yenyewe. Tangi limwagwe. Kisha matone machache ya oili ya kuhifadhia yatiwe kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi, na rafadha izungushwe kwa mkono mara kadhaa, betri ikiwa imeondolewa. Mombasa adui ni chumvi na unyevu. Kiserian adui ni vumbi, hasa miezi ya kiangazi, na vumbi likiingia kwenye kabureta husaga kama msasa. Tundu la hewa lifunikwe kwa kitambaa safi, na mafuta yapitishwe kwenye chujio.

Injini ikikaa miezi, nyonyo hugeuka gundi na pistoni hukataa kusogea. Isilazimishwe kwa koleo. Tangi likiwa tupu na kavu, kichwa cha injini kipashwe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, gundi italainika na rafadha itaachia. Mashine hiyo mama anayo. Aiazime kwa masharti.

Limebaki la safari. Familia hii hushuka Mombasa kila Idi, na kijana atataka kwenda na ndege yake. Sindano iliyopimwa kwa hewa ya Kiserian ni kavu mno kwa Mombasa: hewa itaongezeka, mafuta yatabaki machache, na injini itatoa ile sauti tamu tuliyoitaja. Kabla ya kuiwasha pwani aifungue sindano kwa nusu mzunguko hivi, kisha apime upya kutoka kwenye uzito. Vivyo hivyo akialikwa Magadi, ambako ziwa liko karibu mita 600 tu juu ya bahari, japo ni barabara ile ile inayopita mlangoni kwao. Aandike kwenye kipande cha karatasi idadi ya mizunguko kwa kila mahali na kukibandika ndani ya boksi. Na mafuta yabaki nyumbani, kwani hayafai kupanda basi wala garimoshi pamoja na abiria. Mjomba atakuwa nayo Mombasa.