Mama, usitie sahihi kwa makuta ambayo hukuyaona

Juma lililopita, kisha mkutano wetu, mama mmoja alinivuta kando. Wazazi walimchagua achunge makuta ya komite kwenye masomo ya watoto wake. Huu ni mwaka wa pili, na hajashika hata faranga moja. Prezida wa komite anapokea mwenyewe, anatumia mwenyewe, na mwisho wa trimestre anamletea kaye nyumbani, jioni, wakati anasonga bukari. "Mama, weka jina lako hapa." Naye anaweka. Sasa wazazi wanauliza makuta ya mabati yalienda wapi, na jina lililo kwenye kaye ni lake.

Aliniuliza kama atoke kwenye komite. Nilimwambia asitoke kwanza. Akitoka leo, kaye inabaki na jina lake, na watu wataambiwa kwamba aliyekula makuta amekimbia.

Aanze kwa kukataa kutia sahihi. Hakuna haja ya kelele: "Papa prezida, nitaandika jina langu siku nitakapohesabu makuta kwa mikono yangu." Aseme hivyo mbele ya mtu mwingine. Kisha atafute kaye yake, aandike kila anachokumbuka: tarehe, kiasi, na nani alikuwepo. Wala asimwite papa yule mwizi. Pengine mabati yalinunuliwa kweli na karatasi zikapotea. Neno "mwizi" likishatoka mdomoni, kesi inageuka kuwa ya matusi, na atakayejibu ni mama.

Wamama, kwenye likelemba yetu, nani angekubali mambo haya? Pale makuta yanahesabiwa juu ya mkeka, sote tunaangalia, na aliyechelewa anahesabiwa upya. Lakini tukifika kwenye masomo tunanyamaza. Tunapewa kuchunga makuta kwa sababu "wamama hawaibi", halafu ufunguo unabaki mfukoni mwa papa. Siku ya inspekta, tunaitwa kupika.

COPA ni komite ya wazazi. Wazazi wenyewe ndio wanaichagua kwenye mkutano wao wote, na mkutano huo unaweza kuidai hesabu. COGES ni kitu kingine: pale anaongoza mkuu wa masomo, na COPA ina watu wake ndani, ili makuta na kazi za masomo zizungumzwe kwa wazi. Mahali pengi direktere ndiye anayemtafuta prezida, na anamtafuta yule asiyeuliza maswali. Ugonjwa unaanzia hapo.

Tena tukumbuke sheria. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitekeleza. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1990, wazazi walibeba prime ya walimu, na komite nyingi zilizoea kukusanya. Kwa hiyo kwenye masomo ya msingi ya serikali hakuna komite inayoweza kumrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya mabati. Wazazi wakitaka kusaidia, wakubaliane kwenye mkutano, na iandikwe. Kwa masomo ya sekondari, malipo yanatokana na karatasi ya gavana ya kila mwaka. Ombeni kuisoma.

Wazee waliokulia kwenye kambi za Gécamines kule Kolwezi wanakumbuka vile kampuni ilileta madawati, chaki, yote. Mzazi alituma mtoto tu. Kampuni ilichoka, lakini sisi tumebaki na desturi ya kungoja mkubwa apange. Nami simo nje: mkutano wa Septemba kwenye masomo ya watoto wangu sikufika, nilikuwa shambani. Waliochaguliwa siku ile nilikuja kuwajua kwa kuambiwa.

Mama yule asiende peke yake. Aende kwa direktere na wazazi wengine wawili, na barua fupi inayoomba mkutano wa wazazi wote, tarehe iandikwe, na nakala moja abaki nayo. Direktere akikataa, kuna ofisi ya sudivizioni ya elimu, na kwa masomo ya kanisa kuna viongozi wa kanisa wanaosimamia masomo. Siku ya mkutano, swali liwe moja: kiliingia kiasi gani, kilitoka kiasi gani, karatasi ziko wapi? Mambo ya kumtoa prezida yangoje jibu hilo.

Amekubali. Jumamosi asubuhi atakwenda, na wamama wawili wa kikundi chetu watamsindikiza. Wenye watoto pale mnajijua. Aliye na karatasi ya malipo ya mwaka jana, hata iliyopasuka, ailete kwangu kabla ya Ijumaa jioni.