Rushwa Isiyo na Fedha: Usemi na Ushahidi katika Filamu ya Touch of Evil

Neno rushwa, kama litumikavyo katika Kiswahili cha leo, halimwenei Hank Quinlan. Mpelelezi huyu mkongwe wa filamu ya Touch of Evil, iliyoongozwa na Orson Welles na kutolewa mwaka 1958, hapokei hongo, hali mlungula, wala hana jumba alilolijenga kwa fedha za watu. Yeye mwenyewe hujigamba kuwa angeweza kutajirika kazini, lakini baada ya miaka mingi ya utumishi alichoambulia ni kishamba tu. Hata hivyo filamu hii huhesabiwa miongoni mwa zilizo bora kabisa kuhusu polisi walioharibika, katika mkondo ule ambao wahakiki wa Kifaransa waliuita "filamu nyeusi" tangu mwaka 1946. Makala haya yanadai kuwa mvuto wake umejikita hapo hapo. Kitu anachokiharibu Quinlan ni ushahidi, na ushahidi, ukiuchambua, kwa sehemu kubwa ni usemi.

Lugha yetu ina neno linalomkaribia zaidi. Ufisadi siku hizi tunauelewa kuwa ni wizi wa mali ya umma, lakini kamusi zetu za zamani zilimpa fisadi maana ya mtu mwovu, mpotovu, na hasa mwasherati. Nao mzizi wa Kiarabu wa neno hilo unabeba dhana ya kuharibika na kuoza. Maana hiyo ya mwanzo ndiyo imfaayo Quinlan. Welles, aliyeigiza nafasi hiyo mwenyewe, alijinenepesha kwa vifaa vya uigizaji hata akawa kama jengo linalobomoka, achechemee kwa mkongojo, na mguu wake mbovu umwambie nani ana hatia.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Katika mji wa Los Robles, mpakani mwa Marekani na Meksiko, bomu linategwa ndani ya gari upande mmoja na kulipuka upande wa pili. Tajiri mmoja anauawa pamoja na mwanamke aliyekuwa naye. Quinlan anamshuku Manolo Sanchez, kijana wa Kimeksiko mwenye uhusiano na binti wa marehemu. Miguel Vargas, ofisa wa Meksiko anayepambana na biashara ya dawa za kulevya, amefika mjini pamoja na mkewe Mmarekani na anashuhudia upelelezi huo. Yanayompata mke huyo katika hoteli ya jangwani ni marefu kuliko yanavyostahili, nasi hatutayagusa.

Tuanze na tukio la kuhojiwa kwa Sanchez katika fleti yake. Kijana huyu, akiwa amezingirwa na polisi, anamgeukia Vargas na kumweleza habari zake kwa Kihispania. Quinlan anawakatiza. Yeye, asema, hajui "Kimeksiko", na mazungumzo yaendeshwe kwa Kiingereza. Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo la lugha bila kusimama. Hakuna lugha iitwayo Kimeksiko katika mahojiano yale; kuna Kihispania, lugha yenye maandishi na sheria za karne nyingi. Anayeipa lugha jina la watu anaowadharau ameshaishusha kabla hajasikia neno lake hata moja. (Nasi tunawafahamu wageni wanaotuuliza kama tunazungumza "Kiafrika".) Tangu hapo Sanchez hana budi kujitetea katika lugha ya mtuhumu wake, na Vargas, shahidi pekee awezaye kumfahamu katika lugha yake, amefungwa mdomo kwa amri ndogo inayoonekana kuwa ya kiutaratibu tu.

Suala hili si geni kwetu. Kwa miaka mingi nchini Tanzania, katika mahakama zilizo juu ya mahakama za mwanzo, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza, hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Tofauti ni kwamba Quinlan hataki hata mkalimani.

Baada ya kuunyamazisha usemi, anauweka wake. Vargas anaingia bafuni kunawa, anaangusha kisanduku cha viatu na kukiona kitupu. Muda mfupi baadaye Menzies, msaidizi mwaminifu wa Quinlan, "anagundua" baruti mbili ndani ya kisanduku kile kile. Mbinu ya Welles hapa ni ya kustaajabisha kwa urahisi wake. Mtazamaji amekiona kisanduku kitupu, kwa hiyo yeye pia ni shahidi, na kuanzia hapo anapata uchungu wa kujua jambo ambalo hakuna mwenye mamlaka atakayeliamini.

Nilipowaonyesha wanafunzi wa uzamili filamu hii, wengi wao walikuja na hoja moja, na ndiyo hoja ninayotaka kuipinga. Mwishoni kabisa, Quinlan akiwa amekufa, ofisa Schwartz anatoa habari kwamba Sanchez amekiri kutega bomu. Basi, walisema wanafunzi, mguu wa mzee haukukosea; alivunja sheria lakini aliifikia kweli. Wahakiki kadhaa nao wanaliona jambo hili kuwa ndiyo kejeli kuu ya filamu.

Lakini hebu tuulize swali la kiisimu: nani amesema? Sanchez hatumsikii akikiri. Mara ya mwisho tulipomsikia alikuwa akikana, kwa lugha mbili. Kukiri kwake kunatufikia kwa kauli ya taarifa, kutoka kinywani mwa mtu mwingine, bila ya kuelezwa alikiri mbele ya nani, baada ya saa ngapi, na kwa lugha gani. Huu ni mwaka 1958. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Miranda, uliowalazimisha polisi kumtahadharisha mtuhumiwa kabla ya kumhoji, ulikuja mwaka 1966. Filamu imetumia karibu saa mbili kutufundisha kutoiamini taarifa ya polisi wa mji ule, kisha inatupa taarifa moja zaidi, nasi tunaipokea kwa kuwa inaukamilisha msuko. Sidai kuwa Sanchez hana hatia. Ninadai kuwa hatuna tulichokisikia, na kwamba mtazamaji anayetosheka na taarifa ile ameanza kufikiri kwa mguu wa Quinlan.

Vargas mwenyewe hatoki akiwa safi. Ili kumnasa Quinlan anamfunga Menzies kinasa sauti na kuwafuata gizani, kati ya mitambo ya mafuta hadi chini ya daraja, mashine mkononi. Mtetezi wa sheria amekuwa mdukuzi. Tena ni mwangwi unaomfichua: Quinlan, akiwa juu ya daraja, anaisikia sauti yake ikimrudia kutoka kwenye mashine. Mtu aliyeandika maneno ya wengine maisha yake yote anakutana na maneno yake mwenyewe, na anaua kwa ajili hiyo.

Kasoro ipo, na ni kubwa. Vargas ameigizwa na Charlton Heston, Mmarekani mweupe aliyepakwa rangi na kubandikwa masharubu, ambaye Kiingereza chake hakina hata chembe ya Meksiko. Filamu inayoilaumu dharau dhidi ya Kihispania haikumtafuta shujaa wa kukizungumza. Studio nayo iliikatakata kazi ya Welles na kumwita mwongozaji mwingine kuongeza vipande. Welles alijibu kwa waraka wa kurasa 58, ambao Walter Murch aliufuata katika toleo la mwaka 1998. Katika toleo hilo muziki wa ufunguzi umeondolewa, na badala yake tunasikia mpaka wenyewe, redio za magari na kelele za vilabu.

Tana, mwanamke aliyemjua Quinlan zamani, anaposimama juu ya maiti ielayo katika maji machafu, anakataa kumweleza marehemu kwa zaidi ya maneno machache. Schwartz anamuaga kwa Kiingereza. Yeye anamjibu kwa Kihispania, na hilo ndilo neno la mwisho la filamu.