Kimatengo Hakizibi Kiingereza

Mbinga mjini, na kule chini ziwani kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, wapo wanaowashauri wazazi hivi: ukitaka mwanao akijue Kiingereza, usimsemeshe Kimatengo wala Kinyasa. Lugha ya nyumbani inaziba, wanasema. Na maneno ya Kiingereza hayana mpango, dawa yake ni kukariri tu.

Tuanze na huko kukariri. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, ambaye ghafla karibu kila somo limegeuka Kiingereza, anaandika kwenye daftari "import", "export", "transport", "report": maneno manne, maana nne. Kumbe shina ni moja, "port", lililotokana na neno la Kilatini la kubeba. Im- inaingiza, ex- inatoa, trans- inavusha, re- inarudisha. Kahawa ya Mbinga ikiuzwa ng'ambo imebebwa kwenda nje: "export". Ripoti nayo ni habari iliyoletwa.

Mtoto aliyekulia Kimatengo ameizoea kazi hiyo kabla hajashika kalamu. Mtu mmoja kwake ni mundu, wakiwa wengi ni bandu. Shina limetulia, kichwa kimebadilika. Sasa huyu ndiye wa kuambiwa lugha yake inamziba?

Watasema mbona wa shule za Kiingereza wanakimanya mapema. Wana vitabu, na wana mwalimu anayekisema kutwa. Kumnyamazisha bibi hakukuwaongezea neno hata moja.

Sidai kwamba lugha hizi zinafanana kwa kila kitu. Viambishi vyetu vya mwanzo huburuta sentensi nzima, kama kwenye Kiswahili: kikombe kikubwa kimevunjika. Vya Kiingereza havimgusi jirani. Tena kazi ambayo Kiingereza hukifanyia kitenzi kichwani, sisi mara nyingi tunaifanya mkiani. "Fold" inakuwa "unfold". Kunja inakuwa kunjua. "Lock", "unlock", funga, fungua. Ningekuwa mwalimu ningekaa hapa kipindi kizima, darasa litafute yake lenyewe: ziba na zibua, funika na funua.

Mitego ipo. "Understand" haihusiani na kusimama chini ya kitu, na "port" ya bandari, kama ile ya Mbamba Bay, imetoka kwenye neno jingine la Kilatini. Hayo, sawa, mtoto ayakariri.