Jina fupi litafutiwe postnomu yenye uzito

Hapa Bukavu wazazi tunapenda majina mafupi: Eva, Léa, Guy. Si vibaya. Lakini mbona na postnomu tunarudia zile zile, Amani, Neema, Bahati? Redioni nasoma matangazo ya watoto waliopotea. Nikisema «Amani Eva», majina yanashikana, na simu zinaingia kutoka mitaa mitatu: ni wetu?

Postnomu tuliipata 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kizungu. Tusiifanye ya kujaza karatasi tu. Binti yangu ni Nsimire Léa, jina la nyanya yake (mke wangu alinuna wiki nzima). Linasikika hata redio ikikwaruza.

Waulizeni wazee kabla ya kwenda komini. Cheti kikishaandikwa, kubadili jina ni mpaka mahakamani.